Simu inasoma lebo ya dawa, ila wewe haikujui

Siku hizi Dodoma mtu akitoka duka la dawa, iwe Majengo, Nkuhungu au kule Kongwa, hata barabara hajavuka keshaipiga picha boksi na kuiuliza simu. Sio vibaya, maana kile kikaratasi cha ndani mara nyingi ni Kiingereza kitupu na maandishi hayaonekani. Shida ni yale tunayoyaamini baada ya hapo.

Dhana: "Simu imeshanipa dozi, bahasha ya nini tena?"
Simu inakupa dozi ya kwenye karatasi, ya mtu yeyote yule. Yako ni ile iliyoandikwa kwa kalamu kwenye bahasha baada ya kuangaliwa umri, uzito, figo, mimba na dawa nyingine unazomeza. Na 1x3 ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, sio vitatu kwa mpigo. Kingine, kamera inaweza kuruka nukta, 0.5 mg ikasomeka 5 mg, hapo dozi imezidi mara kumi, au ikachanganya mg na mcg wakati 1 mg ni mcg 1000. Namba zikipishana usijiamulie, rudi dukani ukaulize.

Dhana: "Vifupisho nitavigugo tu."
Haya gugo OD uone, unaweza kuletewa habari za watu waliozidisha dawa mpaka wakafa, na kwenye dawa ya macho OD inaweza kuwa jicho la kulia. Kwenye cheti cha vidonge hapa kwetu OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. Ukiiuliza simu, ipe sentensi nzima ya cheti, usiitupie herufi mbili peke yake.

Dhana: "Nikishatega alamu nimemaliza."
Hapa ndo wengi tunapigwa, maana simu inahesabu saa za kizungu na sisi tuna zetu. Chukua dawa mseto ya malaria, ALu, mtu mzima vidonge 4 kila dozi, jumla 24 kwa siku tatu. Dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata ndo zinakuwa asubuhi na jioni. Umeanza saa 2 usiku, ya pili ni saa 10 alfajiri, na hiyo kwenye simu ni 4:00. Ukiandika 10:00 itakuamsha saa 4 asubuhi, yaani masaa 14 yameshapita na vijidudu vimepumzika vizuri tu. Halafu ALu imeze na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ndo inaingia mwilini vizuri, hilo alamu haitakwambia.

Dhana: "Jina ni tofauti, basi ni dawa tofauti."
Paracetamol Marekani wanaiita acetaminophen, kwahiyo ukijibiwa kwa jina hilo usidhani ni kitu kipya ukaongezea juu ya Panadol. Na dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, unajikuta unameza mara mbili bila kujua. Mtu mzima mwenye afya asizidishe 4 g kwa siku, ni vidonge 8 vya 500 mg, ukizidisha ini ndo linaumia. Tafuta jina la dawa yenyewe, lile dogo chini ya jina la biashara.

Dhana: "Nimeskani kamraba ka QR kakafunguka, basi dawa ni orijino na haijaexpaya."
Kamraba kanaweza kuwa kanakupeleka kwenye tovuti tu, na feki naye anajua kuchapisha kamraba. Ukiitilia shaka wapo TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, ndo kazi yao. Halafu tarehe ya EXP ni ya dawa iliyofungwa: amoxicillin ya maji ya watoto ukishaichanganya, nyingi ni siku 7 hadi 14, soma chupa, na jua hili la Dodoma usiiache dirishani.

Chatbot, yaani hizo programu za simu zinazojibu maswali, zina matumizi mazuri kwa kweli. Andika maneno ya lebo, iambie ikuelezee kwa Kiswahili chepesi kisha ikutajie maswali matatu ya kumuuliza mfamasia, hapo itakusaidia kuliko ukiiuliza "nimeze ngapi". Ila kabla ya kupiga picha cheti funika jina na namba ya faili, haswa kama ni dawa za kliniki ambazo hata jirani hujamwambia.