Mshika ratiba ni mtu wa aina gani?

Mshika ratiba ni mtu ambaye siku yake ina mpango mmoja, na hapendi uguswe. Mombasa tunawajua: mzee anayetoka kuswali Alasiri akaenda baraza ile ile ya Kibokoni, akakaa pahali pake, akanywa kahawa chungu ya muuzaji yule yule. Wengi wao hawana tatizo lolote. Jambo likirudiwa kwa wakati mmoja na mahali pamoja, ubongo hulizoea hadi lisihitaji kufikiriwa. Phillippa Lally na wenzake wa London, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliona kwamba zoea jipya huchukua wastani wa siku 66 kukomaa, ingawa wapo waliotumia 18 tu na wengine wakakadiriwa kuhitaji 254.

Kwa hiyo usimpime mtu kwa wingi wa anayoyarudia. Mtazame siku mpango ukivurugika. Feri ya Likoni ikichelewa, mmoja atanung'unika kisha ayapange mambo yake upya. Mwingine atashikwa na hofu au hasira, na siku yote imeharibika.

Ugumu huo una sababu nyingi. Leo Kanner, daktari aliyeandika kuhusu watoto wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo) mwaka 1943, alitaja hamu yao kubwa ya kuona mambo hayabadiliki. Mzee anayepoteza kumbukumbu naye huishikilia ratiba kwa sababu ndiyo inayomwonyesha njia. Mtoto mwenye usonji akilia kwa kuwa mmepita barabara nyingine, kumwita mkaidi au kumchapa ni kumdhulumu, na naomba wazazi walizingatie sana hili. Mwambie mapema. Ramadhani, ambapo nyumba nzima huhamia futari na daku, ianzeni kumweleza siku kadhaa kabla, na muache kitu kimoja kibaki vile vile, hata kama ni kikombe chake.

Wasiwasi wa anayerudia udhu mpaka jamaa wamemaliza kuswali ni jambo jingine. Yeye hafurahii kurudia. Anasukumwa na hofu kwamba hakutimiza, na akishamaliza hofu hurudi. Mtu huyu anahitaji daktari wa afya ya akili, na matibabu yapo: mazungumzo ya kumzoesha kuiacha hofu ipite bila kurudia tendo, na wakati mwingine dawa.