Usipige Windows kabla hujasoma: dhana potofu kuhusu maandishi ya kompyuta inapowaka

"Fundi, imeleta maandishi meupe, nipigie Windows," yaani nisakinishie Windows upya. Naisikia kila wiki, na mara nyingi anayesema keshapita kwa kijana mwenye flashi, Windows ikagoma kuingia, au ikaingia na baada ya siku chache mashine ikarudi palepale. Wengine wamefika kwangu data zote zimeshafutwa.

Dhana: Maandishi kwenye skrini nyeusi maana yake Windows imekufa

Tazama yametokea wakati gani. Ukiwasha mashine, wa kwanza kusema ni BIOS, au UEFI kwa mashine za sasa: programu ndogo ya kuiamsha mashine, na makazi yake ni chipu iliyo kwenye bodi. Inakagua prosesa, ramu na kibodi, inatafuta diski, kisha ndipo inaikabidhi Windows kazi. Ujumbe uliotoka kabla ya makabidhiano hayo ni wa BIOS, na mara nyingi unataja kifaa au mpangilio wake.

Unaonichosha kuliko yote ni huu wa laptopu za HP: "Boot Device Not Found. Please install an operating system on your hard disk", na chini yake "Hard Disk (3F0)". Watu wanaona neno "install" na kukimbilia flashi. Habari yenyewe iko mwanzo: mashine imetafuta kifaa cha kuwakia, haikukipata. Sasa hiyo Windows utaipiga juu ya nini? Ni kupaka rangi ukuta ambao haupo. Ingia BIOS kwa F10, uangalie kama diski inaonekana. Isipoonekana, zima, chomoa chaja na betri, fungua, uchomoe diski na kuirudisha ikae sawasawa, hasa kama laptopu iliwahi kuanguka. Ikionekana, ipime kwa vipimo vya HP vinavyofunguka kwa F2, kisha kagua mpangilio wa kuwaka: diski iliyogawanywa kwa mtindo mpya wa GPT yenye Windows haiwaki mashine ikiwekwa Legacy (namna ya zamani ya kuwaka, ya BIOS), na hapo Windows yako ni nzima kabisa.

"PXE-E61: Media test failure, check cable" ni mtego uleule. Kebo inayotajwa ni ya mtandao. Kwa kawaida mashine imekosa pa kuwakia, ikajaribu kuwaka kupitia mtandao, na huko nako hakuna waya. Rudi kwenye diski.

Halafu kuna huu: "S.M.A.R.T. Status BAD, Backup and Replace", na chini yake "Press F1 to Resume". Kuna watu wanabonyeza F1 kila asubuhi kwa miezi! Diski imejipima yenyewe na inakuomba unakili data na uibadilishe. Kuifomati na kuipiga Windows wakati huo ni kuandika gigabaiti kadhaa juu ya picha za harusi na tasnifu ya mtoto, kwenye diski inayokata roho. Kama bado inawaka, nakili data kwanza, kisha fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, usome "Current Pending Sector" (sehemu za diski zinazoshukiwa kuwa mbovu) na "Reallocated Sectors Count" (sehemu mbovu zilizokwishabadilishwa na za akiba). Namba zikiendelea kupanda, usiisubiri. Kama haiwaki, mimi hutumia Linux (mfumo endeshi mwingine) ya kwenye flashi pamoja na ddrescue, programu ya kuokoa data, kwa sababu hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuziachia mbovu zamu ya mwisho. Windows tutaizungumzia diski mpya ikishafungwa.

Dhana: "CMOS Checksum Error" na tarehe kurudi nyuma ni virusi

Mara nyingi ni betri ya CR2032, ile ya duara ya volti 3 inayotunza saa na CMOS, yaani kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS. Ikiisha, saa inapotea, tovuti zinakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyao vya usalama havilingani na tarehe ya mashine, na BIOS inarudia mipangilio ya kiwandani. Mpangilio wa SATA (njia ya kuunganisha diski) ukihama hapo kutoka AHCI kwenda RAID, ambazo ni namna mbili tofauti za mashine kuzungumza na diski, Windows itagoma kwa "INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE". Badilisha betri, rudisha AHCI, weka tarehe. Antivirusi haihusiki.

Dhana: Milio mitatu ni ramu, kwa mashine yoyote

Hapana. Watengenezaji wa BIOS, yaani AMI, Award na Phoenix, kila mmoja ana jedwali lake la milio, na Latitude nyingi za Dell hazilii, zinapepesa taa: rangi ya chungwa mara mbili kisha nyeupe mara tatu ni ramu kutoonekana. Tafuta jedwali la modeli yako kabla ya kununua ramu.

Dhana: Kila "error" ya Linux ni hatari

Mashine nyingi huwaka na "ACPI Error" (ACPI ni utaratibu wa kusimamia umeme na vifaa) miaka yote na hazina tatizo, maana kosa liko kwenye majedwali ya firmware ya mtengenezaji, yaani programu iliyo ndani ya chipu za mashine. Usiyoruhusiwa kuipuuza ni "I/O error, dev sda" inayojirudia: diski (Linux huiita sda) imeshindwa kusomwa au kuandikwa. Amri ya `journalctl -b -p err` itakuonyesha makosa ya kuwaka kwa sasa, hata kama skrini ilipita mbio.

Na kwa mashine yoyote ambayo maandishi yake yanapita mbio, chomoa flashi zote, washa, uirekodi skrini kwa simu tangu unapobonyeza kitufe. Nitumie video hiyo kabla hujaniletea mashine, na kabla hujampa mtu mwingine aifomati.