Mvuke wa petroli haupandi, unashuka ngamani

Wanaojijengea boti bado wanaambiana eti ukiacha tundu juu ya tangi la petroli basi mvuke utapanda ujiendee zake. Hapana jamani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kama mara 3 hadi 4, kwa hiyo unashuka na kutulia ngamani (chini kabisa ndani ya boti), palepale penye pampu ya maji na nyaya za betri, na ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo cheche moja inatosha. Tundu la juu sio baya, linaingiza hewa, ila bomba la feni ya kunyonya lazima lishuke hadi karibu na chini ya ngama (juu kidogo ya maji yanayotuama, likizama halinyonyi kitu), na feni yenyewe iwe ya aina isiyotoa cheche, uiwashe angalau dakika 4 kabla ya injini. Mpira wa kupumulia wa tangi utoke nje kabisa ya boti. Mdomo wa kujazia ukiwa wa chuma uunge na tangi kwa waya, maana petroli ikipita kwenye mpira wa kujazia inazalisha umeme tuli, nao unaweza kutoa cheche. Dizeli afadhali kidogo, haitoi mvuke hivyo.