Leja ya dawa si ya mkaguzi

Watumishi wengi wa zahanati huamini leja ya dawa, yaani daftari la dawa zinazoingia na kutoka, ni ya mkaguzi, hivyo huijaza haraka haraka akikaribia. Sivyo. Takwimu zake ndizo zinazojenga maombi yanayokwenda Bohari ya Dawa, taasisi ya serikali inayosambaza dawa.

Chukua dawa mseto ya malaria. Tuseme katika siku 90 zimetoka dozi 600, lakini siku 30 rafu ilikuwa tupu. Asiyeandika siku hizo ataomba kwa kigezo cha 600, na upungufu utajirudia. Aliyeziandika atagawa 600 kwa siku 60, apate dozi 10 kwa siku, azidishe kwa 90: 900. Pengo la 300 ni wagonjwa wenye homa waliorudi nyumbani mikono mitupu, na hilo linauma. Sifuri na tarehe yake viandikwe siku ileile dawa inapoisha, hata foleni ikiwa ndefu.