Kugeuza Friza Kuwa Mashine ya Bia ya Pipa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Wanaopika bia nyumbani, hasa Marekani, wamekuwa wakigeuza friza za kufungukia juu kuwa mashine za bia ya pipa kwa miaka mingi. Kazi yenyewe mtu mwenye subira anaiweza. Tatizo ni ushauri unaozunguka: mwingine unaharibu friza nzima, mwingine unahatarisha maisha.

Ushauri mbaya kuliko wote kwa friza ni huu: "Toboa ubavuni, pachika koki, umemaliza." Katika friza nyingi za aina hii, mabomba membamba ya gesi ya kupozea yamezungushwa ndani ya kuta, nyuma ya bati, na kwa nje huyaoni. Drili ikigusa moja, gesi imetoka na friza ndiyo imekufa, kwa sababu kuziba tundu lililo ndani ya ukuta mara nyingi ni ghali kuliko kununua friza nyingine ya mtumba. Isitoshe, nyingi za siku hizi zinatumia R600a, gesi inayoshika moto. Badala yake, fungua bawaba, unda fremu ya mbao za inchi 2 kwa 6, ikalishe kwenye mdomo wa friza kwa silikoni, kisha funga mfuniko juu yake. Koki zinapita kwenye mbao, na friza haipigwi hata msumari mmoja.

"Friza itaigandisha bia." Ikiachiwa themostati yake, kweli itaigandisha. Ndiyo maana friza huchomekwa kwenye kidhibiti joto cha nje, kinachokata na kurudisha umeme, na kuwekwa nyuzi 3 au 4 za Selsiasi. Sensa ya joto ya kidhibiti hicho usiiache ikining'inia hewani. Ibandike kwa tepu ubavuni mwa pipa na uifunike kwa kipande cha sponji, ipime bia badala ya upepo. Kompresa, yaani pampu ya kupozea ya friza, nayo ipewe dakika 5 za kupumzika kabla ya kuwaka tena.

Kuhusu pipa, si lazima liwe la lita 50 kama la baa. Yanayopendwa ni ya lita 19, yaliyotengenezwa awali kwa ajili ya soda.

Halafu kuna povu, ambalo watu wengi hulitibu kinyume. Bia ikitoka povu tupu, wanapunguza presha ya hewa ukaa (CO2), gesi inayotoka mtungini na kuisukuma bia hadi kwenye koki. Presha ikishuka mno, gesi iliyoyeyuka ndani ya bia inajitenga ikiwa bado njiani kwenye mpira wa kupitishia bia, na povu linazidi. Kwa bia ya kawaida iliyo kwenye nyuzi 3, acha psi (kipimo cha presha) 10 hadi 12, na tumia mpira mwembamba wa kipenyo cha ndani cha milimita 5 hivi, wenye urefu wa karibu mita 3. Msuguano wa mpira huo ndio unaoituliza bia. Kama ni glasi ya kwanza tu inayojaa povu, chanzo ni koki iliyopata joto: hewa baridi hulala chini, koki ziko juu. Feni ndogo ya kompyuta ndani ya friza inamaliza tatizo hilo.

"Geji ya mtungi inaonyesha gesi iliyobaki." Haionyeshi. Hewa ukaa imo mtungini kama kimiminika, na maadamu kimiminika kipo, presha inafuata joto tu: karibu psi 830 kwenye nyuzi 20, karibu 550 mtungi ukiwa ndani ya friza. Sindano ikianza kuanguka, umebakiwa na kidogo sana. Pima mtungi kwa mizani.

La mwisho linanitia hofu kweli: "Ni gesi ileile ya soda, haina madhara." Mtungi wa kilo 2.3 ukivuja wote katika chumba kilichofungwa cha mita 3 kwa 3, unafikisha hewa ukaa karibu asilimia 5, na asilimia 4 tayari ni hatari kwa uhai. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama ndani ya friza na sakafuni, wanakochezea watoto. Paka maji ya sabuni kila kiungio na utazame mapovu, kila unapobadilisha pipa. Chumba kiwe na dirisha linalofunguka, na kengele ya hewa ukaa ifungwe sentimita 30 kutoka sakafuni. Ukihisi kuna uvujaji, fungua mfuniko, toka nje, na usiinamishe kichwa ndani ya friza kutafuta tundu kabla hewa haijabadilika.