Kuta nyeupe si dawa ya studio ndogo

Mwambie fundi wa rangi wa Kisauni au Likoni kwamba unageuza gereji ya nyumbani kuwa studio ya picha, na huenda akaja na ndoo ya rangi nyeupe. Wengi wanaamini weupe ndio unaoleta picha nzuri. Weupe utaongeza mwangaza, kweli, ila utakunyima uwezo wa kuutawala.

Katika chumba cha mita 3 kwa 6, kuta ziko karibu mno na mteja. Taa ikiwaka, mwanga unadunda kila upande na kufuta vivuli, na vivuli hivyo ndivyo vinavyoupa uso umbo. Rangi ya krimu ukutani ni mbaya zaidi: ngozi inatoka na umanjano. Mimi ningepaka kijivu kisichong'aa, dari nyeusi, kisha nishike ubao mweupe pale tu ninapotaka mwanga urudi. Ubao unausogeza, unauondoa; ukuta hauondoki.

Na kwa pwani yetu, unyevunyevu unanitia hofu kuliko rangi. Gereji isiyopitisha hewa huotesha kuvu ndani ya lenzi. Zihifadhi kwenye kontena linalofunga kabisa, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.