Kupasuliwa ubongo ukiwa macho: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Mnazi Mmoja ina kitengo cha upasuaji wa ubongo, kwa hiyo habari za watu kufunguliwa kichwa si ngeni Unguja. Lakini ukisema wapo wanaopasuliwa huku wakizungumza, barazani utakatizwa na astaghfirullah kabla hujamaliza.

"Atahisi kisu ubongoni." Hahisi. Ubongo wenyewe hauna neva za maumivu. Kinachouma ni ngozi ya kichwa na tando zinazofunika mfupa na ubongo, na ngozi hiyo huchomwa sindano za ganzi kuzunguka kichwa. Ganzi ikikosewa, hakuna dawa ya usingizi itakayoficha kosa hilo.

"Basi apigwe nusu kaputi kidogo, asijue kitu." Hapa ndipo penye kazi khasa. Daktari hugusa ubongo kwa umeme mdogo huku mgonjwa akitaja majina ya picha. Akikwama, pahala pale ndipo penye usemi, hapakatwi. Daktari mpasuaji Wilder Penfield alikuwa akifanya hivyo Montreal, Kanada, tangu miaka ya 1930. Sasa dawa ikiwa bado imo kichwani, utajuaje kilichomkwamisha ni umeme au ni dawa? Ndiyo maana midazolamu, ya kutuliza woga, wengi huikwepa.

Propofoli hulaza haraka na huondoka haraka. Hutolewa wakati wa kufungua fuvu, kisha husimamishwa. Ubaya wake ni kwamba hupunguza pumzi, na mara nyingi mgonjwa huyu hana mpira wa kupumulia kooni, tena kichwa kimebanwa kwenye chuma. Pumzi ikipungua, kaboni dioksaidi hujaa kwenye damu, mishipa hutanuka, na ubongo uliokwisha kufunguliwa huvimba. Remifentanili, ya kutuliza maumivu, nayo hukaba pumzi. Deksmedetomidini huleta usingizi unaokaribia ule wa kawaida: ukimwita anaamka, na pumzi haiathiriki sana. Mimi naiona ndiyo yenye adabu kuliko zote, ila hushusha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye moyo unaopiga polepole si wa kupewa kwa pupa.

"Kiswahili kinatosha kwa kila mtu." Mzee wa Makunduchi aliyekulia Kikae, lahaja ya huko, apimwe kwa Kikae pia, kwani umeme unaweza kukwamisha lugha moja ukaiacha nyingine. Na picha ziwe za vitu anavyovijua: ngalawa na mbuzi ya kukunia nazi, si theluji.

"Akishikwa na degedege mezani, basi tena." La. Umeme huo unaweza kuileta kweli, na dawa ya kwanza ni kuumwagia ubongo maji ya chumvi yaliyo baridi sana. Mara nyingi hutulia.

"Yeyote jasiri anaweza." Ujasiri hautoshi. Mtoto mdogo hafai, wala asiyeweza kulala kimya kwa saa nyingi. Anayekoroma hadi pumzi ikakatika usingizini ni hatari zaidi, maana dawa kidogo tu humfunga koo. Naye akiulizwa atakana kwamba anakoroma, aulizwe mkewe.